Watoto Wetu Wanapokwenda Ivuna kwa Bibi



Kila shule zinapofungwa tunawaona wazazi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo wakifunga mizigo na kuteremka bonde la Ziwa Rukwa. Wengi wanakwenda Ivuna. Wapo wanaoijua Ivuna kwa chumvi yake ya tangu enzi za mababu, na wapo wanaoijua kwa kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, ambacho si kile cha Mbozi. Lakini kwa watoto, Ivuna ni kwa bibi, basi. Wanakula samaki wa Rukwa, wanacheza na binamu zao na usiku wanasikiliza hadithi uani. Ni jambo jema sana, nasi hatuandiki kuwakataza.

Tunaandika kwa sababu ya mtoto mmoja wa miaka 3. Alirudi Tunduma mzima, anacheza. Siku ya 9 baada ya kurudi alipata homa. Nyumbani wakasema ni baridi ya Tunduma, wakampa dawa ya mafua. Siku ya 3 ya homa, usiku, akashikwa na degedege. Majirani wakashauri apelekwe kwanza kwa mganga, na saa nyingi zikapotea. Alipofika wodini kwetu viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Kipimo kilionyesha malaria, na damu ilikuwa imepungua mno. Baba yake mdogo alitoa damu usiku uleule.

Mtoto alipona. Lakini mama yake alituuliza hivi: "Sista, kule Ivuna hakuugua hata siku moja. Malaria ameipataje hapa kwenye baridi?"

Swali hilo ni la wengi, na jibu lake linaweza kuokoa maisha.

Tunduma ipo juu ya meta 1,500, na baridi yake huwapunguza mbu. Bonde la Rukwa lipo karibu meta 800. Kuna joto, na mvua zikinyesha maji hutuama. Mbu wa malaria hustawi huko. Akishamwuma mtoto, vijidudu hujificha kwanza katika ini, kisha huingia katika damu. Homa huanza kwa kawaida siku 7 hadi 14 baadaye, na mara nyingine hata zaidi. Kwa hiyo mtoto anaumwa na mbu Ivuna, anaugua Tunduma.

Tena, mtoto aliyekulia bondeni ameumwa na mbu mara nyingi, na mwili wake umejifunza kupambana kiasi. Hata hivyo naye huugua. Mtoto wa milimani hana kinga hiyo, na kwake malaria huweza kuwa kali kwa muda mfupi.

KABLA YA SAFARI

1. Chukueni chandarua chenye dawa cha kuwatosha watoto. Wengine huona haya, wakidhani mama mkwe atasema mmedharau nyumba yake. Mwambieni kwa heshima: "Mama, tumeleta chandarua cha wajukuu, na tukiondoka kitabaki kwako." Hakuna bibi atakayekasirika.

2. Angalieni kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa katika miezi 9 na miezi 18. Kama imepita, mtoto achanjwe kabla ya kuondoka. Nayo kadi isafiri pamoja na mtoto.

3. Mtoto mwenye selimundu apelekwe kliniki yake kwanza kupata ushauri, maana malaria ni hatari zaidi kwake.

4. Wekeni mkobani paketi za dawa ya kuongeza maji mwilini.

MKIWA IVUNA

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Hadithi za bibi ziendelee, lakini watoto wavae nguo za mikono mirefu, na wakisinzia waingizwe ndani ya chandarua mara moja, wasiachwe kwenye mkeka uani. Pindo la chandarua lichomekwe chini ya godoro au mkeka.

Maji ya kunywa yachemshwe, na maziwa pia. Mtoto akiharisha, changanyeni paketi moja katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, anyweshwe kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula. Mpelekeni kituo cha afya apewe na vidonge vya zinki. Akilegea, macho yakididimia, au kukiwa na damu katika choo, msingoje.

Watoto wasiende kuoga ziwani wala mtoni peke yao. Rukwa ina mamba, na maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho.

Chumvi ya Ivuna ni zawadi nzuri ya kurudi nayo. Lakini chumvi ya kienyeji haikutiwa madini joto, ambayo huzuia tezi la shingo na kusaidia ubongo wa mtoto kukua. Kwa chakula cha kila siku cha watoto na akina mama wajawazito, tumieni chumvi iliyotiwa madini joto.

MKISHARUDI NYUMBANI

Hapa ndipo wengi wetu tunapojisahau. Kwa muda wa mwezi mzima, homa yoyote ya mtoto aliyetoka bondeni ipimwe malaria siku hiyohiyo. Mwambieni mhudumu wazi: "Mtoto huyu ametoka Ivuna." Msipomwambia, anaweza asiwaze malaria.

Akipewa dawa mseto, anywe pamoja na chakula au maziwa, na amalize dozi zote 6 kwa siku 3, hata kama homa imekwisha siku ya kwanza.

Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu chochote mdomoni, na mkimbizeni hospitali. Degedege si shetani. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayelala mno au aliyepauka viganja, naye asingoje asubuhi.

Yule mtoto wa miaka 3 amekwenda tena Ivuna. Safari hii mama yake alipitia kwetu kwanza kutuonyesha chandarua kilichokunjwa juu ya mizigo. Bibi anawasubiri wajukuu. Nendeni, mrudi salama.