Kasenga: mji wa samaki na funzo la pumbu

Mji wa Kasenga uko ukingoni mwa mto Luapula, karibu kilomita 200 kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi. Ng'ambo ya mto ni Zambia.

Mji huu ulikua kwa sababu ya samaki. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, wafanyabiashara Wagreki walifungua biashara zao hapa. Boti zilipanda mto kutoka ziwa Moero, samaki wakawekwa kwenye barafu na kupakiwa katika malori hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Huko ndiko walikokula bukari wafanyakazi wa migodi ya Union Minière.

Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa pumbu. Kila mwaka, mvua zilipoanza, alipanda Luapula kwenda kutaga mayai, na nyavu zilimngojea njiani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kuadimika, na wingi ule haukurudi tena.

Leo Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Lakini samaki hajui mpaka: nyavu zikiendelea kutegwa upande mmoja, pande zote mbili zitakosa kitoweo.