Nani Amesema, na Amejuaje?

Katika mwezi wa Agosti 2019 habari moja ilienea upesi duniani: Ebola imepata dawa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kwa herufi kubwa kwamba ugonjwa huu sasa unaponyeka, na redio zikarudia maneno hayo. Watu wa Beni na Butembo, waliokuwa wakizika ndugu zao tangu Agosti 2018, walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini baba wa jamaa asikiapo habari kubwa namna hii, kabla ya kuipeleka kwa jirani, yampasa kuuliza maneno mawili: Nani amesema? Naye amejuaje?

Tuanze na swali la pili, maana ndilo gumu. Habari ile ilitoka katika uchunguzi ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha. Jina hili ni la Kiswahili safi, nao wageni walilifupisha kuwa PALM. Mkuu wake upande wa Kongo alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, akishirikiana na wataalamu wa Marekani. Kazi ilianza Novemba 2018 katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 walipokelewa, kila mmoja akapewa dawa moja kati ya nne: ZMapp, remdesiviri, mAb114 au REGN-EB3. Si mganga aliyechagua nani apewe dawa ipi, wala si mgonjwa, wala si jamaa zake. Ilichaguliwa kwa kura.

Wengine watasema: Kumbe maisha ya watu yachezewe bahati nasibu? Sivyo. Fikiri juu ya mkulima aliyeletewa mbegu mpya ya mahindi. Akiipanda penye udongo mweusi karibu na mto, na ile ya zamani akaipanda mlimani penye mawe, wakati wa mavuno atajuaje kama ni mbegu iliyozaa au ni udongo? Vivyo hivyo mganga mwenye huruma angeweza, hata bila kujitambua, kuwapa dawa mpya wale wenye nguvu zaidi. Kura huwagawanya wenye nguvu na wanyonge, wazee na watoto, waliowahi na waliochelewa, bila upendeleo. Wala hakuna aliyejua bado ni dawa ipi iliyo bora. Kama ingalijulikana, kupiga kura kungalikuwa dhambi.

Sisi Wakongo tunao mfano wetu wenyewe wa jambo hili. Mwaka 1995 Ebola ilishika mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na katika kila mia 81 hivi walikufa. Mwishoni mwa maradhi hayo waganga waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Mmoja tu alikufa. Saba kati ya wanane! Nani asingeamini? Lakini waganga wale walipotoa maandiko yao mwaka 1999, waliandika wazi kwamba sababu ya kupona huko haijaelezwa bado, kwa kuwa wagonjwa hao walitunzwa vizuri zaidi kuliko wale wa mwanzo, na kwamba jambo hili lastahili kupimwa kwa namna iliyo imara. Mimi humwamini zaidi mwandishi wa namna hiyo, anayekuonyesha mwenyewe mahali nyumba yake inapovuja.

Basi jambo lilipimwa. Katika Guinea, mwaka 2015, wagonjwa 84 walitiwa maji ya damu ya waliopona, wakalinganishwa na 418 waliotangulia. Katika kila mia walikufa 31, na kati ya wale waliotangulia 38. Wataalamu walipoondoa tofauti za umri na za wingi wa virusi mwilini, faida iliyobaki ilikuwa ndogo mno, hata haikuweza kutofautishwa na bahati. Habari ya Kikwit haikuwa uongo. Watu wanane walikuwa wachache mno kubeba mzigo wa neno kubwa hivyo.

Turudi kwetu Kivu ya Kaskazini. Tarehe 9 Agosti 2019 kamati ya wasimamizi wa mbali, ambao hawakuwa miongoni mwa wachunguzi, iliangalia hesabu ya wagonjwa 499 ikashauri kwamba kura ya kutoa ZMapp na remdesiviri ikome, kwani dawa mbili zilikuwa zimezishinda hizo mbili. Hapo ndipo magazeti yalipopiga ngoma. Hesabu kamili ilitolewa miezi mitatu baadaye, nayo ni hii: waliopewa ZMapp walikufa 84 kati ya 169, remdesiviri, 93 kati ya 175, mAb114, 61 kati ya 174, REGN-EB3, 52 kati ya 155. Ndiyo kusema, kwa dawa mbili za kwanza alikufa kama mtu mmoja kati ya wawili, na kwa mbili za mwisho mmoja kati ya watatu.

Lakini magazeti ya Agosti yalipenda hesabu nyingine iliyo tamu zaidi: kwamba kati ya waliofika na virusi vichache, wakapewa REGN-EB3, walikufa 6 tu kwa mia. Hesabu kamili ilipotoka, 6 ilikuwa imegeuka 11. Hakuna aliyedanganya, hesabu ya kwanza ilikuwa ya watu wachache, na hesabu ya wachache huyumba kama mtumbwi. Hata hivyo ile 6 ndiyo iliyokwisha kusafiri, na ile 11 ilitembea kwa miguu.

Tena, ni nini ambacho vichwa vya habari havikusema? Havikusema kwamba kati ya waliofika na virusi vingi, hata dawa zile mbili nzuri hazikuwaokoa wengi: zaidi ya 60 katika kila mia walikufa. Kila siku ambayo mgonjwa alikawia nyumbani iliongeza hatari ya kufa. Kwa hiyo neno «inaponyeka» ni kweli zaidi kwa yule aliyewahi kufika.

Sasa, nani amesema? Hapa twapaswa kufungua macho. Chuo cha Marekani kilichoshirikiana na Profesa Muyembe katika uchunguzi ndicho pia kilichoitengeneza mAb114. Je, si mwenye mbuzi anayesifu mbuzi wake sokoni? Swali ni la haki. Lakini usiishie hapo. Tazama ni kamba gani zilizomfunga. Kura ilimnyang'anya uchaguzi. Kamati ya nje ilishika hesabu. Waganga walijua ni dawa gani wanayotoa, na katika uchunguzi mwingine huo ungekuwa udhaifu mkubwa. Lakini hapa kilichohesabiwa ni kufa au kupona, na kifo hakibadiliki kwa kupenda kwa mganga. Mwisho, dawa ya kampuni nyingine ilitoka sawasawa na yake, wala hakuificha.

Uvumi nao una wenyewe. Septemba 2018 wataalamu waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Kama mmoja kati ya wanne alisema Ebola haiko. Kama theluthi moja waliona imetungwa kwa ajili ya fedha. Msomaji asiseme basi kwamba robo ya Wakongo waliikana Ebola: walioulizwa ni wa miji miwili, katika mwezi mmoja. Wala tusiwacheke. Mwezi wa Desemba uchaguzi wa miji hiyo uliahirishwa mpaka Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Mtu aliyekwisha kuonewa mara nyingi huona tendo kama hilo kuwa ushahidi.

Ugonjwa ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Mnamo Desemba mwaka huo serikali ya Marekani iliikubali mAb114 kuwa dawa halali. Chembe za kinga ambazo dawa hiyo ilitengenezwa kwazo zilipatikana katika damu ya mtu mmoja aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995.