Je, Wajua? Wanawake wa Ufilipino Hawakungoja Kupewa

● Je, wajua kwamba mwaka 1763 mjane aliongoza uasi dhidi ya Wahispania kaskazini mwa Ufilipino? Ni Gabriela Silang wa Ilocos. Mumewe, Diego, aliuawa mwezi Mei, naye akashika uongozi. Alinyongwa mjini Vigan tarehe 20 Septemba mwaka huohuo. GABRIELA, muungano wa vyama vya wanawake ulioanzishwa mwaka 1984 wakati wa utawala wa Ferdinand Marcos, umebeba jina lake.

● Je, wajua kwamba tarehe 12 Desemba 1888, wasichana 20 wa mji wa Malolos walimkabidhi barua Gavana Jenerali Valeriano Weyler? Waliomba shule ya usiku wajifunze Kihispania. Paroko akapinga, wao wakakaza kamba hadi shule ikafunguliwa mwaka 1889. Haikudumu, lakini habari zao zilimfikia mwandishi José Rizal huko London, naye akawaandikia barua ndefu ya pongezi kwa Kitagalogi.

● Je, wajua kwamba Melchora Aquino alikuwa na miaka 84 Wahispania walipomhamishia Guam mwaka 1896? Kosa lake: kuwalisha na kuwauguza wapiganaji wa Katipunan, chama cha siri kilichopigania uhuru. Alirudi nyumbani mwaka 1903, akafariki mwaka 1919 akiwa na miaka 107.

● Je, wajua kwamba wanawake wa Ufilipino walilazimika kupiga kura ili waruhusiwe kupiga kura? Katiba ya 1935 ilidai wanawake wasiopungua 300,000 waseme "ndiyo". Tarehe 30 Aprili 1937 walijitokeza: 447,725 walisema ndiyo, 44,307 wakasema hapana. Wanaume hawakuwekewa mtihani kama huo.

● Je, wajua kwamba Katibu Mkuu wa Mkutano wa Dunia wa Wanawake, Nairobi, Julai 1985, alikuwa Mfilipino? Ni Leticia Ramos Shahani, na mkutano wenyewe uliongozwa na Margaret Kenyatta. Baadaye Shahani akawa seneta, akapigania sheria ya 1997 iliyoufanya ubakaji kuwa kosa dhidi ya mtu. Kabla ya hapo ulihesabiwa kuwa kosa dhidi ya usafi wa kimaadili.

● Je, wajua kwamba wito wa redio ulivunja ukimya wa karibu miaka 50? Mwaka 1992, Rosa Henson alisikia wanawake waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani wakiombwa wajitokeze. Yeye alikamatwa mwaka 1943, akiwa na miaka 15. Mwezi Septemba alisimama hadharani, wa kwanza nchini mwake. Wengine wengi wakamfuata. Mwaka mmoja kabla, Kim Hak-sun wa Korea Kusini alikuwa amefanya vivyo hivyo.

● Je, wajua kwamba Ufilipino, nchi ambayo maelfu kwa maelfu ya wanawake wake hufanya kazi za ndani Hong Kong, Singapore na Ghuba, ndiyo iliyowezesha Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, kuanza kutumika? Zilihitajika nchi mbili kuuridhia. Uruguay ilitangulia, Ufilipino ikafuata mwaka 2012, na tarehe 5 Septemba 2013 mkataba ukaanza kazi. Unampa mfanyakazi wa nyumbani saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Dada wa kazi wa kwako anazipata?