Miwani mpya, ubao bado una ukungu?

Leo tunaongea kuhusu macho. Sio trakoma wala mtoto wa jicho, hayo umeshayasikia sana. Leo ni ugonjwa ambao wengi hawaujui hata kwa jina, na bahati mbaya huanza katika umri kama wako.

Tuseme uko kidato cha pili hapa Mtwara. Mwaka jana ulikaa nyuma na ubao uliuona vizuri tu. Mwaka huu umehamia dawati la mbele. Umepimwa macho, ukapewa miwani, ukafurahi. Haijapita hata miezi sita, herufi zimeanza tena kuwa na kivuli. Umebadilisha miwani, mambo yale yale! Mwalimu anasema ni uvivu wa kunakili. Wenzako wanasema unajidai na miwani. Bibi naye anaona kuna mkono wa mtu. Kabla hujamlaumu yeyote, soma hapa.

KERATOKONASI NI KITU GANI?

Mbele kabisa ya jicho lako kuna kioo angavu kinachoitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, lakini kazi yake ni kubwa. Karibu theluthi mbili ya nguvu ya jicho ya kukusanya mwanga inatoka hapo.

Kwa kawaida konea ina mviringo laini kama mpira. Kwa mtu mwenye keratokonasi, konea inadhoofika, inakuwa nyembamba, halafu inasogea mbele taratibu mpaka inachongoka kama pia. Umeisoma pia kwenye hisabati, si ndiyo? Basi ni umbo lile lile. Mwanga ukipita kwenye kioo cha namna hiyo unatawanyika, haukutani mahali pamoja. Ndiyo maana miwani ya kawaida inasaidia mwanzoni, baadaye inashindwa.

Ugonjwa huu sio mpya. Daktari John Nottingham wa Liverpool, Uingereza, aliuandikia kitabu mwaka 1854. Hauambukizi, na hautokani na kurogwa.

UNAMPATA NANI?

Mara nyingi unaanza wakati wa kubalehe, unaendelea katika miaka ya ishirini, halafu kwa wengi unapungua kasi wakifika miaka ya thelathini au arobaini. Kwa maneno mengine, miaka yako ya sekondari ndiyo miaka ya kuukamata mapema. Na usidhani ni wa watu wachache sana kila mahali. Kule Riyadh, Saudi Arabia, watafiti waliwapima vijana na watoto 522. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa karibu mmoja kati ya kila 21 alikuwa nao.

Chanzo sio kimoja. Katika baadhi ya koo unaonekana kwa ndugu zaidi ya mmoja. Lakini kuna jambo moja ambalo liko mikononi mwako, tena mikononi kweli kweli: KUSUGUA MACHO.

Wenye mzio wa macho wanawashwa, wanasugua, wanapata nafuu ya dakika moja, wanasugua tena. Kila unaposugua kwa nguvu unaikandamiza konea ambayo labda tayari ni dhaifu. Na huku kwetu sababu za kuwashwa hazikosekani: vumbi la barabarani, moshi wa kuni, na msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Salfa yenyewe haileti keratokonasi, tusielewane vibaya. Lakini unga wake unawasha macho, na macho yakiwasha mkono unakwenda wenyewe.

Ukiwashwa, nawa uso kwa maji safi au weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya macho uliyofumba. Kama unasaidia shambani, kaa mbali na unga wa salfa, au vaa miwani ya kukinga. Kuwashwa kukizidi, nenda hospitali upewe dawa ya mzio.

JIPIME MWENYEWE

Ugonjwa huu kwa kawaida hushika macho yote mawili, lakini moja hutangulia. Jicho zima linafanya kazi ya yote mawili, wewe hujui kitu. Kwa hiyo funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, tazama, kisha badilisha. Jiulize:

- Je, jicho moja linaona vibaya kuliko jingine?
- Je, kwa jicho moja tu, mwezi mmoja unaonekana kama miwili au mitatu?
- Je, taa za pikipiki usiku zinatawanyika kama nyota?
- Je, unabadilisha miwani mara kwa mara na bado huoni vizuri?
- Je, unasugua macho kila siku?

Jibu la ndiyo halina maana kwamba tayari unaumwa. Maana yake ni nenda ukapimwe.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Kwa mkoa wetu kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na ile ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Utasoma chati ya herufi. Utatazama kupitia kitundu kidogo: ukiona vizuri zaidi, tatizo liko kwenye jinsi mwanga unavyopita. Kisha utamulikwa kwa tochi maalumu. Kwenye keratokonasi, mwanga unaorudi hufunguka na kufunga kama mkasi.

Lakini ugonjwa ukiwa mchanga, kuuhakikisha kunahitaji mashine inayochora ramani ya konea, yaani wapi imeinuka na wapi ni nyembamba. Pengine utatumwa Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT, au KCMC kule Moshi. Ni safari, tunajua. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, na nauli si mchezo. Mzazi azungumze mapema na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama familia haina uwezo. Usione haya kumwambia daktari: "Miwani nimebadilisha mara mbili, naomba konea yangu ipimwe."

TIBA IPO?

Ipo. Ya kwanza ni kuuzuia usiendelee. Daktari anatia matone ya vitamini B2 kwenye konea, kisha anaimulika kwa mwanga wa ultravaioleti uliopimwa, ili nyuzi za konea zishikamane na kuwa imara. Madaktari wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kwanza kwa wagonjwa mwaka 2003. Lakini sikia: tiba hii inauzuia ugonjwa pale ulipofika, kwa kawaida hairudishi macho yalivyokuwa. Ndiyo maana tunasema wahi! Na usijaribu nyumbani kwa vidonge na jua, utaunguza macho.

Ya pili ni kuona vizuri. Ukiwa mdogo, miwani inatosha. Ukizidi, kuna lenzi ngumu ndogo za kuvaa juu ya jicho. Hizi zinataka usafi: nawa mikono, tumia dawa yake tu, usizioshe kwa maji ya bomba, ya kisima wala mate. Usilale nazo, na usiogelee nazo baharini au mtoni.

Ya mwisho, kwa wachache, ni kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

TAHADHARI: Usitie jichoni majani, maziwa wala mkojo. Usinunue matone dukani kwa kusikia tu kwamba yalimsaidia jirani. Baadhi yana steroidi, zinatuliza muwasho haraka, lakini ukizitumia muda mrefu bila kuangaliwa zinaweza kuleta presha ya jicho na upofu. Na jicho likiuma ghafla na kuwa jeupe, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

MAISHA YANAENDELEA

Unamjua Stephen Curry, yule bingwa wa kurusha mipira ya mbali wa Golden State Warriors? Mwaka 2019 alieleza kwamba ana keratokonasi na ameanza kuvaa lenzi. Alikuwa amezoea kukodoa macho tu!

Shuleni, mweleze mwalimu wa darasa. Kaa mbele, omba kunakili kutoka daftari la mwenzako. Kama uoni wako ni hafifu hata kwa miwani, mkuu wa shule aitaarifu NECTA mapema, kwa sababu kuna mitihani ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Hiyo ni haki yako, sio upendeleo.

Na wewe unayeona vizuri, ukimwona mwenzio anafikicha macho kutwa nzima na kusogeza daftari puani, usimcheke. Mwambie akapimwe.