Amal aliyevuka mipaka, na Mgeni wetu aliyefika Kimihurura

Mwezi huu tunawaletea habari za msichana mmoja mkimbizi. Umri wake ulikuwa miaka tisa alipoanza safari, na urefu wake ni mita tatu na nusu. Msicheke. Ni kikaragosi, yaani mwanasesere mkubwa anayechezeshwa na watu, na jina lake ni Little Amal. Amal kwa Kiarabu ni tumaini (msichanganye na amali yetu, hilo ni neno lingine).

Si mwanasesere wa dukani huyu. Alitengenezwa na Handspring Puppet Company ya Afrika Kusini, kwa mianzi na nyuzi nyepesi za kaboni. Je, anatembeaje? Mtu mmoja anaingia ndani ya mwili wake, anasimama juu ya miguu ya miti, na kwa kamba anageuza uso na macho. Wawili wengine wanashika mikono, kila mmoja mkono wake. Mara nyingine kuna wa nne nyuma, wa kumwegemeza asianguke. Ukimwona kwenye picha akiinamisha kichwa kumsalimu mtoto, unasahau kabisa kwamba kuna watu wanatoka jasho mle ndani.

Hadithi yake ni hii: ni mtoto wa Siria aliyepoteana na mama yake, sasa anamtafuta. Tarehe 27 Julai 2021 aliondoka Gaziantep, mji wa Uturuki ulio karibu na mpaka wa Siria. Akapita Ugiriki, Italia, Uswisi, Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, akafika Manchester, Uingereza, tarehe 3 Novemba. Kilomita karibu 8,000! Njiani aliona mengi: bahari, makanisa ya zamani, viwanja vikubwa vya miji. Huko Vatikani alikutana na Papa Fransisko. London alifanyiwa sikukuu ya kuzaliwa, akatimiza miaka kumi.

Lakini si kila mahali alipigiwa ngoma. Kule Larissa, Ugiriki, kuna watu walimtupia mawe. Karibu na Meteora, penye nyumba za watawa juu ya majabali, viongozi wa mji walikataa asipite. Kumbe hata mtoto wa mianzi anafukuzwa! Hata hivyo hakuishia hapo. Mwaka 2022 alifika Lviv, Ukraine, na baadaye New York. Mwaka 2023 akakata Marekani kutoka Boston hadi San Diego, kisha akaingia Meksiko.

Tulipowasimulia watoto wa kambi habari hii, swali la kwanza lilikuwa: na hapa kwetu atakuja lini? Ilibidi tuwaambie ukweli, katika safari hizo njia yake haikupita Kigali. Wakanyamaza kidogo. Jumamosi iliyofuata wakaja na wa kwao: mwanasesere wa maganda ya migomba, urefu wake kama mkono, shati la kitenge, jicho moja kubwa kuliko lingine. Wamempa jina Mgeni. Na kwa kuwa wawili kati yetu tulikuwa na kazi ya jarida Kigali, wakamtia kwenye mkoba wetu pamoja na karatasi ya mambo ambayo lazima ayaone.

La kwanza kwenye karatasi: nyumba ya rangi rangi. Hiyo ni Kigali Convention Centre, pale Kimihurura, iliyofunguliwa mwaka 2016. Paa lake la duara limechorwa kwa kufuata nyumba ya mfalme wa zamani, na usiku linawaka taa za rangi za bendera, buluu, njano na kijani. Tulisubiri hadi giza. Mgeni tulimweka juu ya ukuta mdogo ng'ambo ya barabara, na watu waliokuwa wanatoka kazini wakasimama kutuuliza tunafanya nini. Tulipoeleza, mzee mmoja akamshika, akamtazama, akatuambia kwamba naye alikulia kambini, Uganda, akarudi baada ya 1994. Watu wa namna hiyo Kigali ni wengi.

La pili: njia ya mawe. Wavulana waliitaka hiyo kwa sababu ya baiskeli. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa katika Afrika, na kilima cha Kimihurura chenye mawe yaliyopangwa kilikuwa kwenye njia yao. Mbio za wanaume wakubwa zilikuwa kilomita 267.5, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Sisi tulikipanda kwa miguu, Mgeni mkobani, na tulipumzika mara tatu.

Bunge pia liko Kimihurura. Ukutani bado kuna alama za vita vya 1994. Hapo hatukumpiga picha Mgeni, tuliona si mahali pa mchezo.

Sasa tuseme na lile lililotokea tuliporudi. Tulipoonyesha picha, baba mmoja alikasirika. Alituuliza: mwanasesere anapokelewa na Papa, na mimi nimekaa miaka nasubiri kuitwa kuhojiwa? Hatukuwa na jibu zuri. Kiziba ilifunguliwa 1996, Mahama 2015, na humo kuna vijana waliozaliwa wasiojua nyumba nyingine. Ni kweli kwamba kikaragosi hakilali njaa, wala hakiombi karatasi. Lakini tuliona pia jambo jingine: binti yake ndiye aliyeshona lile shati la kitenge, na jioni ile baba alikaa naye wakiangalia picha moja moja, akimwonyesha Kigali iko upande gani na Kongo upande gani. Tunaona hilo peke yake lilitosha kulipa nauli.

Mgeni ataendelea na safari. Familia moja ya kijiji chetu imepata tarehe ya kuondoka kwenda ng'ambo, nayo imekubali kumchukua pamoja na daftari lake. Mtoto yeyote anayetaka kuandika ukurasa au kuchora alete kwetu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kalamu tunazo. Watoto wametoa masharti yao kwa wasafiri: apigwe picha mbele ya kila nyumba mpya, asiachwe kwenye mvua maana maganda yataoza, na kwenye ndege asiwekwe chini na mizigo, akae dirishani.