Kompyuta imegoma kuwaka baada ya apdeti? Usikimbilie kupiga Windows

Jana umeizima ikiwa nzima. Leo unaiwasha, inakwambia inamalizia kujisasisha, kisha kioo kinabaki cheusi au duara linazunguka bila kikomo. Ndani mna orodha ya wanachama wa ushirika, matokeo ya wanafunzi au hesabu za duka. Wengi wetu hapo huibeba kwa fundi, naye husema: "Tupige Windows upya." Sisi tunasema, subiri kwanza.

Je, kazi zangu zimepotea?

Mara nyingi hapana. Sasisho, au apdeti, hubadilisha mafaili ya mfumo unaoendesha kompyuta. Barua, picha na hesabu zako hukaa sehemu nyingine ya diski.

Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, ziligoma kuwaka kwa sababu ya sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike. Safari nyingi za ndege ziliahirishwa. Tiba iliyotolewa ilikuwa kufuta faili moja lenye hitilafu, si kufuta kazi za watu.

Jaribu haya kwa mpangilio

1. Vuta subira. Kwenye kompyuta ya zamani, apdeti kubwa inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hakikisha umeme upo, na usiizime katikati.

2. Saa kadhaa zikipita bila mabadiliko, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi mpaka izime. Chomoa flashi, printa na vifaa vingine, kisha iwashe tena.

3. Ikigoma bado, iwashe, na alama ikitokea tu izime kwa kushikilia kitufe. Fanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu iache iendelee. Kwa kawaida Windows 10 na 11 zitafungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Bonyeza "Troubleshoot", halafu "Advanced options", kisha "Uninstall Updates" ili kuondoa apdeti ya mwisho. Isiposaidia, rudi ujaribu "Startup Repair".

Ikidai namba ya tarakimu 48

Hiyo ni BitLocker, kufuli ya diski. Kama kompyuta iliunganishwa na akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu yako; mara nyingi namba huwa imehifadhiwa humo. Kompyuta ya shule au ofisi, muulize aliyeiandaa. Bila namba hiyo hata fundi hodari hawezi kusoma yaliyomo, kwa hiyo itafute kabla ya kuruhusu chochote kifutwe.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mwambie hivi: "Toa mafaili yangu kwanza, niyaone kwa macho, ndipo upige Windows." Fundi anaweza kuiunganisha diski yako na kompyuta nyingine na kunakili kila kitu. Kama atatumia "Reset this PC", mwombe achague "Keep my files". Mafaili yako yatabaki, ingawa programu ulizoweka zitaondoka. Akichagua "Remove everything", anafuta vyote.

Kabla ya apdeti ijayo

Nakili kazi muhimu kwenye flashi na uiweke mbali na kompyuta. Laptopu iwe imechomekwa kwenye chaji, na usianze apdeti siku ambayo umeme unakatikakatika. Namba ya BitLocker iandike kwenye karatasi uihifadhi pamoja na nyaraka zako nyingine muhimu. Windows hupigwa upya hata mara 10, lakini daftari la wanachama likifutika bila nakala, mtaanza kuwaandika mmoja mmoja.