Mpiga Mbizi Nchi Kavu: Gharama za Mashindano ya Kimataifa ya Mbizi ya Pumzi Moja na Nafasi ya Taita Taveta

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayelitenda jambo pasipo mahali pake au nyenzo zake. Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Voi, akiitazama ardhi nyekundu, vichaka vya Tsavo na Mto Voi ambao hukauka wakati wa kiangazi, angedhani kwamba methali hii ilitungiwa Kaunti ya Taita Taveta. Hata hivyo, kaunti hii ina maji matatu yenye sifa: Chemchemi za Mzima, Ziwa Jipe na Ziwa Chala. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, na wakazi wake wamezoea kuona fedha za watalii zikipita njiani bila kutua mifukoni mwao. Katika hali hiyo, si ajabu mtu akawaza: je, hatuwezi kuyaalika mataifa yaje kushindana katika maji yetu?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kuangalia mchezo mmoja, yaani kupiga mbizi kwa pumzi moja bila mtungi wa hewa. Yanafafanua gharama za aina mbili: gharama za kuandaa mashindano ya kimataifa ya mchezo huo, na gharama za mtu kushiriki. Kisha yanayapima maji ya Taita Taveta kwa kipimo hicho. Hoja yetu ni kwamba gharama kubwa ya mchezo huu ni gharama ya kulinda uhai, na kwamba atakayeipunguza hiyo ili mashindano yawe rahisi atakuwa amepunguza kisichopunguzika.

Suala la Istilahi

Kabla ya kuhesabu fedha, yafaa tukubaliane kuhusu maneno. Kiswahili kina kitenzi kuzamia na kirai kupiga mbizi. Mvuvi wa pwani anayeshuka kutafuta pweza au majongoo ya bahari huitwa mzamiaji, lakini nomino hiyo hiyo humtaja mtu aliyejificha melini ili asafiri bila kibali, na hata yule anayehudhuria karamu asiyoalikwa. Kupiga mbizi nako hakutofautishi kati ya mtu aliyebeba mtungi wa hewa na mtu aliyebeba pumzi yake tu. Tofauti hiyo ni kubwa katika fani hii. Kwa hivyo, tutatumia mbizi ya pumzi moja kwa mchezo wenyewe na mpiga mbizi kwa mshindani. Msomaji mwenye istilahi bora anaalikwa kuitoa.

Mchezo Wenyewe kwa Muhtasari

Shirika la kimataifa la AIDA, ambalo ni mojawapo ya mashirika yanayousimamia mchezo huu, liliundwa mwaka 1992 nchini Ufaransa. Mashindano yamegawanyika katika makundi mawili makuu. Kundi la kwanza hufanyika bwawani: kuna anayelala juu ya maji akiwa amezuia pumzi kwa muda mrefu iwezekanavyo, na kuna anayeogelea chini ya maji kwa umbali mrefu iwezekanavyo, akiwa na mapezi au bila mapezi. Mwaka 2009, Mfaransa Stéphane Mifsud alizuia pumzi kwa dakika 11 na sekunde 35.

Kundi la pili ni la kina. Kamba yenye uzito huteremshwa wima, na mwisho wake huwekwa kisahani chenye vijikadi. Mpiga mbizi hutangaza mapema kina anachokusudia, hushuka akiifuata kamba, huchukua kijikadi na kurejea nacho. Akifika juu, ana sekunde 15 za kuvua miwani na kibanio cha pua, kutoa ishara ya kidole na kutamka kwamba yu salama. Ndipo waamuzi humwonyesha kadi nyeupe, ya manjano au nyekundu. Anayeshindwa kutimiza hayo kwa utaratibu huo hukosa alama, hata kama alifika chini. Kwa maneno mengine, kanuni zenyewe zinamtaka mshindani athibitishe kwamba amerudi na akili timamu. Kushuka peke yake hakumpi ushindi.

Gharama za Kuandaa

Tuanze na mahali. Mashindano ya kina huhitaji maji marefu kwenda chini, yaliyotulia, yanayopenya nuru na yasiyo na mkondo mkali. Shimo la Dean's Blue Hole, katika visiwa vya Bahama, lina kina cha zaidi ya mita 200 na limo hatua chache tu kutoka ufukweni. Ndiyo sababu William Trubridge aliyafanya makao ya mashindano ya Vertical Blue. Pasipo neema kama hiyo, mwandalizi hulazimika kukodi mashua za kuwapeleka watu kwenye kina, na mafuta ya mashua huhesabiwa kila siku.

Pili ni vifaa vya majini: jukwaa linaloelea, kamba zisizonyumbuka, uzani, na mtambo wa kuivuta kamba juu haraka mpiga mbizi anapopatwa na tatizo akiwa chini. Mpiga mbizi hufungwa kwenye kamba hiyo kwa uzi wa usalama. Kuna pia sona ya kufuatilia mwendo wake na kamera za kuwapa waamuzi ushahidi.

Tatu ni watu. Waamuzi walioidhinishwa husafirishwa, hulazwa na hulishwa kwa fedha za mwandalizi. Walinzi wa majini, ambao wao wenyewe ni wapiga mbizi hodari, humfuata mshindani katika sehemu ya mwisho ya kupanda. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, kwa kuwa mlinzi akishashuka mara kadhaa huhitaji kupumzika. Sharti wawe kikosi cha kupokezana. Juu yao kuna daktari, oksijeni, chombo cha kumkimbiza mgonjwa na mpango wa hospitali.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini walinzi wanahitajika zaidi karibu na uso wa maji kuliko chini kabisa. Jibu limo katika fizikia. Mtu anaposhuka, shinikizo la maji huyabana mapafu, na oksijeni iliyomo husukumwa kwa nguvu kuingia damuni. Anapopanda, shinikizo hupungua, na msukumo wa oksijeni hushuka kwa ghafla wakati ambapo kiasi kilichobaki kimekwisha kuwa kidogo. Kwa hiyo, watu wengi huzimia katika mita chache za mwisho, au hata baada ya kuvuta pumzi juu. Mlinzi aliyekosekana hapo ni mauti.

Kwa kuwa nyingi ya gharama hizi hazibadiliki sana kwa idadi ya washindani, hesabu yake ina mtego. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tuseme jukwaa, waamuzi, walinzi na daktari vinagharimu shilingi 3,000,000, na kila mshindani anaongeza shilingi 20,000. Wakija washindani 20, jumla ni shilingi 3,400,000, yaani shilingi 170,000 kwa kila mmoja. Wakija 50, jumla ni shilingi 4,000,000, yaani shilingi 80,000 kwa kila mmoja. Mwandalizi atavutiwa kuongeza watu. Lakini kamba moja humhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Iwapo kila mbizi inatengewa dakika 10, saa tano za kazi hutosha watu 30. Wakizidi, sharti iongezwe siku, au kamba ya pili pamoja na kikosi chake. Hapo nafuu iliyopatikana huanza kuyeyuka.

Gharama za Kushiriki

Mshindani naye ana hesabu yake. Kwa kawaida hujilipia ada ya kuingia, nauli, malazi, bima na cheti cha daktari. Hununua mapezi marefu, vazi la mpira la kuzuia baridi na kifaa cha kupimia kina. Hufika wiki moja au zaidi kabla ya mashindano ili mwili uyazoee maji ya pale, na siku hizo zote hula na kulala kwa fedha zake. Zawadi za mchezo huu ni haba zikilinganishwa na za riadha, ambazo zimewajengea Wakenya wengi nyumba.

Sasa tumfikirie kijana wa Voi mwenye mapafu mema na moyo mkunjufu. Kwanza atahitaji mahali pa kujifunzia, na bahari iko takriban kilomita 150 kutoka kwao. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imeifupisha safari, lakini haikuifuta nauli. Pili, hawezi kujifunza peke yake, maana kanuni ya kwanza ya mchezo ni kwamba mtu asipige mbizi bila mwenzake anayejua kuokoa. Kila safari, basi, ni nauli ya watu wawili. Tatu, akishafuzu, kuna pasipoti, viza na tiketi ya ndege. Ikumbukwe kwamba gharama hizi zote hutangulia mbizi yake ya kwanza mbele ya mwamuzi.

Gharama Isiyolipika

Historia ya mchezo huu inatufunza bei ya kubana matumizi ya usalama. Mnamo Oktoba 2002, Mfaransa Audrey Mestre alijaribu kuvunja rekodi ya kina katika Jamhuri ya Dominika. Alipofika chini, mfuko uliokusudiwa kujaa hewa na kumpandisha haukujaa ilivyopaswa. Alifariki dunia. Lile lilikuwa jaribio la rekodi nje ya mashindano ya kawaida, lakini kasoro moja ya maandalizi ilitosha. Mnamo Novemba 2013, Mmarekani Nicholas Mevoli alifariki katika mashindano ya Vertical Blue baada ya kujaribu mita 72 bila mapezi. Hapo daktari na walinzi walikuwapo. Visa hivi viwili vikisomwa pamoja, vinatufunza kwamba matumizi ya usalama hupunguza hatari bila kuimaliza. Ikiwa hali ni hiyo kwa waliolipa, hali ya wasiolipa haihitaji maelezo.

Kwetu Kenya, mwezi Septemba 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, na watu wawili waliokuwamo wakapoteza maisha. Gari hilo lilikaa takriban mita 58 chini ya maji, na lilitolewa baada ya siku 13. Taifa zima lilijifunza kwamba kina kinachoonekana kifupi kikitembewa barabarani ni safari nyingine kabisa kikielekea chini.

Maji ya Taita Taveta

Chemchemi za Mzima, katika Tsavo Magharibi, ni safi kama kioo, na tangu miaka ya 1950 bomba lake limekuwa likiipelekea Mombasa maji. Lakini ni makao ya viboko na mamba, na mgeni huyatazama maisha ya chini ya maji kupitia madirisha ya chumba kilichojengwa humo. Ziwa Jipe nalo lina kina kisichozidi mita 3 hivi. Yote mawili yanajiondoa katika hesabu.

Linabaki Ziwa Chala, lililo kaskazini mwa mji wa Taveta, ndani ya kreta kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania. Kina chake hukaribia au kuzidi mita 90 kidogo, halina mawimbi ya bahari, na hulishwa na maji ya chini ya ardhi yatokayo upande wa Kilimanjaro. Mwishoni mwa mwaka 2016, wanasayansi waliweka jukwaa juu yake na kuchimba takriban mita 215 za matope ya sakafu yake ili kuisoma historia ya hali ya hewa. Jukwaa, basi, linawezekana, ila wanasayansi wale walikuwa na ufadhili wa kimataifa.

Vikwazo vyake navyo ni vizito. Mwaka 2002, msichana Mwingereza aliuawa na mamba katika ziwa hili. Kingo za kreta ni mwinuko mkali, na kila kifaa, na kila mgonjwa, sharti apandishwe humo. Mji wa Voi, penye hospitali kuu ya rufaa ya kaunti, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Maji ni ya mataifa mawili, hivyo vibali ni viwili. Fauka ya hayo, ziwa liko takriban mita 880 juu ya bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kidogo, na shinikizo ambalo baharini huongezeka maradufu kwenye mita 10, hapo huongezeka maradufu kabla ya mita 10 kutimia. Maji baridi yasiyo na chumvi nayo humwelesha mtu kwa uchache, hivyo uzani anaovaa sharti upimwe upya.

Wakazi wa kaunti hii wana mfano wa karibu wa kujifunzia. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo barabara za Taita zimeyajua kwa miaka mingi, yaliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na fedha zilikuwa miongoni mwa sababu. Yaliporudi mwaka 2021, yalirudi kwa msukumo wa serikali, na yakafanyika Naivasha. Ikiwa mchezo wenye mashabiki wengi kiasi hicho ulilemewa, mchezo ambao mtazamaji wake huona kamba na viputo tu hauwezi kujilipia kwa viingilio.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mashindano ya kimataifa ya mbizi ya pumzi moja yana gharama ambazo mwandalizi hubeba hata akija mshindani mmoja, na gharama ambazo mshindani hubeba hata asiposhinda. Yameonyesha pia kwamba Ziwa Chala lina kina kinachotamanisha, lakini bei ya kukifikia kwa usalama ni kubwa kuliko inavyoonekana mtu akiwa ukingoni.

Njia ya busara ni kuanzia bwawani. Mashindano ya bwawani hayahitaji mashua, jukwaa wala mtambo wa kuvuta kamba; yanahitaji bwawa, mwamuzi, daktari na walinzi wanaosimama kwa urefu wa mkono. Mabwawa ya hoteli za watalii yapo kaunti nzima, na vijana wapo. Kinachokosekana ni walimu na mwongozo wa usalama unaosomeka. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Kijana anayefundishwa kuokoa mwenzake kwa lugha asiyoielewa barabara anaweza kukosea neno moja, na neno hilo likawa uhai wa mtu. Kutunga istilahi za fani hii na kufasiri kanuni zake ni kazi inayohitaji fedha chache kuliko zote tulizozitaja, na sharti itangulie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kwanza awepo wa kumwinua.